Mtu wa Ukutani na Sinia Lake

Katika hitima ya Bi Kidawa, tulipomaliza kusoma na sahani za pilau zikaanza kupita, wanawake waliokaa karibu nami walianza kumzungumza marehemu kwa vituko vyake, kama watu wanavyomzungumza mtu waliyempenda. Mmoja akasema hakuna seti ya vyombo iliyowahi kutoka kwa Bi Kidawa ikiwa na ufa. Mwingine akasema aliwahi kumnyang'anya bi harusi bakuli mkononi, mbele ya wageni, kwa sababu alisikia mlio wake na haukumpendeza. Kisha mama mmoja mtu mzima akanigeukia, akaniuliza, "Na wewe mwanangu, mlijuana wapi?" Nikamwambia Guangzhou. "Ulikuwa ukifanya biashara?" Nikamwambia hapana, nilikuwa nikibandua sementi nyuma ya picha ya Warumi wa kale. Akanitazama kidogo, akanisogezea kachumbari, akasema kwa huruma, "Haya, kula mwanangu, kula." Alidhani msiba umenichanganya. Nilijifunika mdomo kwa mtandio nisionekane nikicheka hitimani, na huku nacheka machozi yakanitoka. Lakini nililosema lilikuwa kweli tupu, na sasa Bi Kidawa hayupo tena wa kunishuhudia. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya uhifadhi wa majengo ya kale katika chuo kimoja cha Guangzhou, na mwalimu wangu, Bibi Liang, alikuwa amenichukua nifanye naye kazi maabara. Makazi yangu yalikuwa kwa Bi Kidawa, mtaa wa Xiaobei, katika fleti ambayo nusu yake ilikuwa nyumba na nusu stoo. Sebuleni hapakuwa na meza. Tulikula juu ya makatoni ya sahani, tumetandika kitambaa cha plastiki chenye maua, na kila oda ilipoondoka kwenda bandarini Nansha meza yetu ilipungua, mpaka ikabidi tule sakafuni tukisubiri oda nyingine ije itunyanyue. Jikoni kulikuwa na mfuko wa papa mkavu aliyekuja kutoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, na harufu yake ilitangulia hadi kwenye lifti. Jirani Mchina wa mlango wa pili alilalamika mwezi wa kwanza, mwezi wa pili akaja kuuliza papa yule anapikwaje. Jioni wafanyabiashara walikuja kula, wakazungumza wote kwa pamoja: laobani, yaani mwenye kiwanda, kambadilishia mtu rangi ya mikoba kule Shiling, wakala wa kago hapokei simu, mwenzao kaomba kupunguziwa bei mpaka muuzaji kamfukuza dukani. Mimi nilikaa pembeni na sahani yangu, nikisikiliza, na sidhani kama nimewahi kula vizuri hivyo tena.

Jumapili nililipa fadhila kwa kumfuata Bi Kidawa soko la jumla la vyombo, nikiwa mkalimani wake. Kusema kweli hakunihitaji sana. Kichina chake kilikuwa cha maneno machache, lakini alijua mahali pa kuyaweka. Muuzaji akitaja bei, yeye alisema "tai gui", ghali mno, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, akageuza mgongo, akaenda. Akiitwa tena, na kila mara aliitwa tena, alirudi kama anayemfanyia mtu hisani. Halafu ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Alichukua bakuli moja moja, akaliweka juu ya ncha za vidole, akaligonga kwa kucha, akainamisha kichwa. "Sikiliza hili," aliniambia. "Linalia mpaka mwisho. Na hili je? Linakatika njiani. Lina ufa, ila macho bado hayajauona." Wauzaji walimchukia kwa dakika chache, kisha wakamletea chai. Nilijifunza kugonga kwa sababu alinilazimisha, na kwa sababu ilikuwa aibu kusimama pale mikono mitupu.

Maabara ilikuwa jambo jingine kabisa. Chumba kirefu cheupe, taa zisizotoa kivuli, na mashine ya kukausha hewa iliyonguruma kutwa. Mashine ile tuliihitaji, kwani majira ya kuchipua huko Guangzhou huja na unyevu wa ajabu. Kuta hutoka jasho, sakafu huteleza, nguo hazikauki wiki nzima. Katikati ya chumba, juu ya meza ya chuma, alilala mgeni wetu: kipande cha ukuta wa nyumba ya Kirumi, kikubwa kiasi cha mlango, kilichotoka kwenye magofu ya kaskazini mwa Afrika. Kilikuwa kimekuja kwa maonyesho, lakini kwanza kilihitaji matibabu. Karibu miaka mia nyuma, mafundi waliokibandua kule magofuni walikigandisha kwenye sementi ili kiwe imara. Siku zile kila mtu aliamini sementi. Baadaye ikaonekana kwamba sementi hunyonya maji na kutoa chumvi, na chumvi ile husukuma rangi kutoka ndani mpaka ibambuke. Magofu mengi ya Kirumi yameumizwa na watu waliotaka kuyaokoa, na sehemu kubwa ya kazi yetu sisi ni kutibu matibabu ya waliotutangulia.

Kwenye kipande kile palikuwa na mtu. Alisimama peke yake, amegeuza uso kidogo, mweusi, ngozi yake imepakwa kwa rangi tatu au nne zilizopandana, hata shavu lilionekana lina uhai. Fundi aliyemchora alimtazama mtu wa kweli, hilo sina shaka nalo. Macho yalikuwa yametulia, ya mtu anayewaza mambo yake. Mikononi alishika sinia la matunda. Maelezo yaliyokuja naye yalisema: mtumwa akihudumia karamu. Nilipoyasoma siku ya kwanza kitu kilinichoma, na sikuona haja ya kujifanya hakikunichoma. Nilimuuliza Bibi Liang, "Mwalimu, walijuaje kuwa ni mtumwa?" Akajibu, "Kwa sababu ana sinia, na kwa sababu waliona chumba kile kuwa chumba cha kulia." Akavaa miwani yake. "Jibu lenye sababu mbili tu, mimi hulichunguza."

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua wapi lipu imeachana na sementi, na hilo hufanywa kwa kugonga taratibu na kusikiliza. Wenzangu walitumia kinyundo kidogo cha plastiki. Mimi nilitumia kucha, na Bibi Liang akaniacha. Nilianza juu, kwenye nywele, nikashuka usoni, kifuani, mabegani. Kote palitoa mlio mfupi, mkavu, uliofanana. Nilipopita viwiko mlio ukabadilika, ukawa butu, kama wa kizibo cha chupa. Nikarudi juu, nikashuka tena. Mikono ilikuwa kizibo, vidole kizibo, sinia lote kizibo, kisha chini yake ule mlio mkavu ukarudi. Nilimwita mwalimu wangu, naye akainamisha kichwa vilevile Bi Kidawa alivyoinamisha kule sokoni. Akasema, "Usimwambie mtu chochote kwanza. Tumgeuze, tuone mgongo wake."

Kumgeuza kulituchukua wiki kadhaa. Tulimfunika uso kwa karatasi laini na gundi inayotoka kwa maji, tukamlaza kifudifudi juu ya kitanda cha sponji, tukaanza kusaga sementi kutoka nyuma kwa keekee ndogo kama ya daktari wa meno, kidogo kidogo, mdomo na pua vimefungwa. Mchana tulikula uji wa mchele wenye tangawizi kwenye kijichumba cha nje, nywele zetu nyeupe kwa vumbi, na Bibi Liang, ambaye kazini hakuwa msemaji, alizungumza sana mbele ya bakuli la uji. Alisema fundi mbaya hujaza tundu ili watu wasilione, na fundi mzuri hulijaza ili lisiendelee kukua. Sementi ilipokwisha, jibu lilikuwa wazi hata kwa mtu asiyesoma. Lipu ya Warumi ilikuwa ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, imechanganywa na matofali yaliyosagwa, na nyuma yake ukaonekana wekundu mzuri. Lakini kuanzia viwiko kwenda chini, penye mikono na sinia, palikuwa na jasi nyeupe tu, laini, iliyomiminwa moja kwa moja kwenye sementi. Kwa hiyo sinia lilikuwa na umri wa sementi. Fundi yule wa zamani alikuta tundu, akamtazama mtu mweusi, akafikiri: huyu atakuwa anafanya nini? Akampa sinia.

Jibu la pili lilikuja kwa simu ya video kutoka kule kwenye magofu yenyewe. Mwanaakiolojia aliyekuwa akiyachimba upya, Dokta Munir, mtu mwenye ndevu na kofia ya majani iliyochanika ukingo, alitembeza simu yake ndani ya shimo akatuonyesha sakafu ya kile chumba cha karamu. Chini ya sakafu kulikuwa na viguzo vifupi vya matofali vimepangwa safu kwa safu, vyeusi kwa masizi. "Hapa ulipita moshi na hewa ya moto," alisema. "Hiki si chumba cha kulia. Hii ni hamamu. Watu walikuja hapa kuoga." Nikamuuliza, "Kwa hiyo yule alikuwa nani?" Akacheka. "Dada yangu, mimi nimebobea kwenye sakafu. Wa ukutani ni wenu." Nilitoka maabara siku ile natembea kwa furaha, nikapanda treni ya chini ya ardhi kuelekea upande usio wangu, na sikujali.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Bi Kidawa, na hapo nilisahau kwamba chakula cha jioni kina masikio mengi. Miongoni mwa walaji alikuwepo Shaibu, wa Kariakoo, muuza nguo, mtu mwema asiyeweza kukaa na habari. "Ngoja dada'angu," alisema, mkono wenye ugali umesimama hewani. "Unasema kuna mtu mweusi kwenye ukuta wa Warumi, na si mtumwa?" Nikamwambia hatujui ni nani. "Kama si mtumwa basi ni bwana mkubwa!" Nikarudia kwamba hatujui. Bi Kidawa akamkata jicho: "We Shaibu, umeambiwa hawajui. Kula." Lakini Shaibu alikuwa amekwisha ondoka kimawazo.

Muda mfupi baadaye, nikiwa nimejiinamia mezani kwangu maabara, nilisikia mazungumzo nyuma ya pazia la plastiki lililotenga ofisi. Mkuu wa makumbusho alikuwa amekuja. Alitaka mgeni wetu abaki na sinia siku ya ufunguzi. Mabango yalikuwa yamekwisha chapwa. "Watu hawaji kutazama tundu," alisema. Bibi Liang akamjibu kwa utulivu kuhusu jasi na hamamu. Kisha mkuu akashusha sauti, ingawa si vya kutosha. "Na aliyegundua ni yule msichana wa Kiafrika? Wewe huoni kwamba lazima atake hivyo?" Mpaka dakika ile nilikuwa nimeamini kwamba mlio ni mlio. Sasa nilielewa kwamba nikishindwa, yule mtu atasimama mbele ya macho ya watu wa Guangzhou, na miji mingine baada yake, akiwa na sinia ambalo hakulibeba, na sababu ya kuachiwa itakuwa mimi. Nilikasirika sana. Bibi Liang alitoka, akaona nilivyo, akajua nimesikia. Akasema tu, "Kikao ni wiki ijayo. Utazungumza wewe, si mimi."

Na kama vile hayo hayatoshi, kesho yake Bi Kidawa akanipigia simu kutoka barabara ya Zhanqian, kule kwenye majumba ya nguo za jumla. "Njoo upesi mwanangu. Shaibu kashatuchoma." Nilimkuta Shaibu kibandani, kazungukwa na marobota, uso unang'aa. Alikuwa amechapisha fulana. Kifuani palikuwa na mtu wangu, aliyechorwa upya na kijana wa kompyuta, ana taji kichwani, ana joho jekundu, na chini yake maandishi ya dhahabu: MFALME WETU WA ROMA. Sikujua nicheke au nilie. "Shaibu," nilimwambia, "hukuambiwa kwamba hatujui?" "Dada'angu, mimi nauza fulana, siuzi ushahidi." "Na siku ya ufunguzi?" "Tunakuja wote tumezivaa! Kina mama, wale jamaa wa Mwanza, Wakongo nao wameshaomba." Nikakaa juu ya robota. Nikamweleza aliyoyasema mkuu. Nikamwambia kwamba siku tutakayoingia mle na taji letu wenyewe, tutakuwa tumefanya alichofanya yule fundi wa sinia, na hapo kila mtu atasema Waafrika wamejitungia. Bi Kidawa akachukua fulana moja, akaikunja vizuri, akairudisha juu ya rundo. "Yule fundi alimpa sinia bila kumuuliza," alisema. "Na wewe unampa taji bila kumuuliza. Mwacheni maskini." Shaibu akakuna kichwa. "Basi ufunguzi navaa shati," akasema. Fulana alizipeleka Dar, na miaka mingi baadaye nilimwona mwendesha bodaboda Kariakoo amevaa mojawapo, taji limepauka, nikafurahi kama niliyekutana na jamaa.

Kikao kilifanyika katika chumba chenye meza ndefu iliyong'aa na vikombe vya chai vyenye vifuniko. Nilivaa gauni langu zuri na mtandio niliopewa na Bi Kidawa. Nilionyesha picha za mgongo wa ukuta, wekundu wa matofali huku, weupe wa jasi kule, nikaonyesha viguzo vya Dokta Munir. Hakuna aliyebisha. Mkuu alinisikiliza akizungusha kifuniko cha kikombe chake, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, swali ambalo nilijua litakuja. "Na wewe mwenyewe, Bi Raya, unadhani mtu huyu alikuwa nani?" Nilikuwa nimelala naye kichwani miezi mingi. Nilikuwa na majibu tele: mwanamichezo, mfanyabiashara aliyevuka jangwa, mwenye hamamu, mtu aliyekuja kuoga na akapendeza kutazama. Huenda hata alihudumia, maana wapo waliohudumu hamamuni. Kila jibu lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Sijui. Ninachokijua ni kwamba sinia si lake." Bibi Liang aliangalia chini, lakini nilimwona anavyokaza midomo asitabasamu. Mkuu aliweka kifuniko juu ya kikombe. "Sawa," akasema. "Sinia litolewe." Nimepata vyeti tangu siku hiyo, na nimetunzwa na wakubwa. Hakuna siku niliyojivunia kuliko ile niliyosema sijui.

Sinia hatukulitupa. Katika kazi yetu hakuna kutupa. Nalo lilikuwa historia, ya fundi yule na ya zama zake. Tulilibandua zima zima pamoja na ile mikono ya jasi, tukaliweka katika kabati lake dogo la kioo, chini kidogo, hatua chache pembeni ya mtu mwenyewe, pamoja na maelezo ya lilivyofika pale. Tundu tulilijaza chokaa tuliyoiloweka wenyewe, ya rangi ya mchanga, imeshuka chini kidogo ya uso wa picha ili jicho litambue mara moja kwamba hapa ndipo ujuzi wetu unapoishia, na ili atakayekuja na ujuzi zaidi aweze kuitoa bila kumuumiza. Mikono yake ilikoma kwenye viwiko. Lakini uso, uliosafishwa chumvi, ulikuwa umerudi na rangi ambazo nadhani hakuna aliyeziona tangu nyumba ile ianguke.

Siku ya ufunguzi walikuja wote, Shaibu akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, kina mama kwa mabuibui na vitenge, jamaa wa Mwanza na suti zao. Walinzi walishtuka kidogo kuona kundi lile, kisha wakafungua kamba. Bi Kidawa alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya ukuta. Alisimama muda mrefu, mkoba umening'inia mkononi. Nilikwenda kusimama pembeni yake, nikiwa na wasiwasi kuliko siku ya kikao.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mzuri, mashallah. Mikono yake?"

"Imepotea. Hatujui alishika nini."

Akageuka, akaliona kabati dogo na kilichomo ndani. "Na lile ndilo sinia lenyewe?"

"Ndilo."

"Alilibeba muda gani?"

"Karibu miaka mia."

Akamtazama mtu, akalitazama sinia kule chini, akamtazama mtu tena. "Kumbe mmemtua," akasema. Kisha akageuka nyuma, akawaita wenzake kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa soko: "Shaibu! Njooni muone! Wamemtua!"

Wakaja. Walipita mmoja mmoja mbele yake, watu ambao migongo yao naijua, waliobeba marobota ngazi kwa ngazi, na kila mmoja alimtazama usoni, akalitazama sinia kabatini, akasema kwa upole kumwambia aliye nyuma yake, wamemtua. Mkuu wa makumbusho alikuja taratibu, akasimama karibu nami, akawatazama wale watu walivyopanga mstari mbele ya tundu. Akaniuliza wanasema nini. Kwa Kichina ilinihitaji sentensi nzima, nami sikuishusha sauti. Nilimwambia wanasema mtu huyu amesimama na mzigo wa mwenzake muda mrefu, na sisi tumemsaidia kuuweka chini.